Uzi wa ufundi: riwaya ya mwanasaikolojia anayechunguza kifo chenye utata, tuijenge isivuje

Kalamu_ya_Tanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, hati za aina hii zimekuwa nyingi siku hizi: kuna maiti, kuna mwanasaikolojia, kuna siri ya familia. Nyingi zinakata roho kati ya sura ya tatu na ya saba, na ugonjwa ni uleule: mwanasaikolojia anageuzwa mpiga ramli. Anamtazama mjane machoni, anajua amedanganya, basi kesi imekwisha. Hapo msomaji hana tena sababu ya kuendelea.

Tusiongee hewani, tuchukue kisa kimoja tukivunjevunje. Marehemu ni wakala wa forodha, miaka 43, mkazi wa Tanga. Amekutwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, kifudifudi, kwenye maji ya magotini kule ufukweni Raskazone. Mdogo wake anasema aliachana naye saa tatu usiku, marehemu akiwa amelewa. Polisi wanaelekea kuandika ajali. Mama mzazi anasema ni mkono wa mtu. Bima ya maisha ina umri wa miezi 14, na mkataba una kipengele cha kutolipa kwa kujiua ndani ya miaka 2. Zuhura, mwanasaikolojia, alimhudumia vikao 6 mwaka uliopita.

Kitu cha kwanza mwandishi akipate kichwani: sababu ya kifo na namna ya kifo ni mambo mawili. Sababu ni kuzama. Namna ni moja kati ya nne: maradhi, ajali, kujiua, kuuawa. Ikishindikana, huandikwa haikubainika. Daktari anaweza kuandika "kuzama" akawa sahihi kabisa, na riwaya yako yote bado iko mbele. Mwanasaikolojia anaingia kwenye hilo pengo, si kwingine.

Kazi hiyo ina historia. Mwaka 1958 Edwin Shneidman, Norman Farberow na Robert Litman walianzisha kituo cha kuzuia kujiua Los Angeles. Korona (afisa anayechunguza vifo vyenye mashaka) wa kaunti hiyo, Theodore Curphey, alikuwa na vifo ambavyo vipimo vya sumu peke yake havikuweza kuviamua, akawaomba wamsaidie. Wakaenda kwa jamaa, majirani, waajiri, wakijenga upya siku za mwisho za marehemu. Kifo cha Marilyn Monroe mwaka 1962 kilipita mikononi mwao, na uamuzi ukawa "pengine kujiua". Angalieni hilo neno "pengine". Riwaya nzuri ya aina hii inaishi ndani yake.

Karibuni wenye fani zenu.

Mzee_wa_Kigoda

Nimevuta kigoda. Wataalamu shusheni nondo.

Sikio_la_Tatu

Nianze na utaratibu wenyewe, maana waandishi wengi humpa mwanasaikolojia mahojiano mawili na ndoto moja.

Uchunguzi wa kisaikolojia baada ya kifo una miguu miwili. Mguu wa kwanza ni nyaraka: faili la hospitali, dawa alizoandikiwa, taarifa za benki, meseji, mikopo, barua za kazini. Mguu wa pili ni watu. Shneidman aliacha orodha ya mada 16 za kuuliza. Ndani yake kuna tabia ya marehemu akibanwa, vifo vilivyotangulia katika ukoo, pombe, mabadiliko ya karibuni ya kula na kulala na kazi, na kuna moja ambayo waandishi huisahau: upande wa uhai. Alikuwa na mipango gani? Alilipa ada ya mtoto ya muhula ujao? Alipanga safari? Alikuwa anangoja mzigo gani bandarini? Karibu na mwisho wa orodha kuna mada ya namna watoa habari wenyewe walivyopokea kifo.

Idadi: chini ya watu watatu ni udaku. Kwa kisa hiki weka watano, kila mmoja na maslahi yake: mke, mdogo wake, mshirika wa biashara, mlinzi wa ofisi, na rafiki wa zamani asiyenufaika kwa lolote. Mahojiano ya kweli huchukua saa mbili hadi tatu. Kwenye kitabu usiyamwage sura moja. Yakate mara tatu, na katika ziara ya pili aulize kitu kilekile kwa mlango mwingine.

Wakati: watafiti wengi hupendelea mwezi wa pili hadi wa sita baada ya kifo. Mapema sana, uchungu bado mbichi. Ukichelewa, watu wameshakubaliana hadithi moja ya ukoo na kila mtu anaikariri.

Halafu kuna mtego mkubwa kuliko yote. Mtu akishajua mwisho, anauona kila mahali nyuma. Baruch Fischhoff alilipima hilo mwaka 1975: ukishaambiwa matokeo, unaamini yalikuwa wazi tangu mwanzo. Mke akiambiwa "huenda alijiua", atakumbuka kwamba Jumanne hakumaliza chakula. Akiambiwa "huenda aliuawa", Jumanne hiyohiyo atakumbuka gari jeusi. Hadanganyi. Mwandishi akilielewa hilo tu, tayari ana riwaya.

Kijana_wa_Chumbageni

Swali kwa Sikio: kwa hiyo mwanasaikolojia hawezi kabisa kumjua mwongo kwa kumtazama? Mbona kwenye filamu wanasoma macho, pua, miguu?

Sikio_la_Tatu

Bond na DePaulo walikusanya tafiti nyingi za jambo hilo mwaka 2006. Wastani wa watu kupatia ulikuwa asilimia 54. Shilingi ukiirusha inakupa 50. Kukwepa macho, kujikuna, kumeza mate, hayo ni dalili za mtu mwenye wasiwasi, na aliyefiwa ana wasiwasi mwingi tu. Usimpe Zuhura kipaji hicho. Mpe daftari.

Anachoweza kufanya ni kuuliza vizuri. Loftus na Palmer, mwaka 1974, waliwaonyesha watu filamu fupi za ajali za magari. Waliotumiwa kitenzi kikali, magari "yalipobamizana", walikisia mwendo wa maili 40.8 kwa saa. Waliotumiwa "yalipogonga" wakasema 34. Katika jaribio lao la pili, baada ya wiki, katika kundi la kitenzi kikali watu 16 kati ya 50 walikumbuka vioo vilivyovunjika. Katika lile lingine walikuwa 7. Kwenye filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika.

Kwa hiyo "Alikuwa na huzuni?" ni swali bovu, linampa mtu jibu mkononi. "Nielezee wiki yake ya mwisho, anzia Jumatatu alipoamka" ni swali. Kisha anyamaze. Kisha: "Sasa nirudishe kutoka Ijumaa kwenda nyuma." Mbinu hiyo ya kurudi kinyume na kumrejesha mtu kwenye mazingira ya tukio imo kwenye mahojiano ya kumbukumbu ya Fisher na Geiselman, ya miaka ya 1980. Hadithi iliyokaririwa huenda mbele vizuri, ikirudishwa nyuma inakwaruza. Nayo si ushahidi wa uongo, ni mahali pa kuchimba.

Chumba_Baridi

Nimesoma kisa, nina neno kuhusu maiti yenyewe. Waandishi wengi wanapuyanga kwenye saa.

Joto: ile kanuni ya digrii moja kila saa iwekeni pembeni. Usiku wa Tanga hewa ina digrii 25 au zaidi, mwili unapoa polepole. Kwenye maji mwili hupoa haraka kuliko kwenye hewa, lakini bahari yetu nayo ina uvuguvugu. Kwa mazingira hayo joto halikupi saa ya kifo.

Kukakamaa: huanza taya na shingo kati ya saa 2 na 4 baada ya kifo, mwili mzima baada ya kama saa 12, kisha huanza kuachia. Joto huharakisha yote. Aliyehangaika sana kabla ya kufa hukakamaa mapema.

Damu kutuama: hii ndiyo zawadi kwa mwandishi. Moyo ukisimama damu huteremka upande wa chini, ngozi inakuwa na rangi ya zambarau. Huonekana ndani ya saa moja au mbili, na hukaa moja kwa moja baada ya saa 8 hadi 12. Kabla ya hapo, ukigeuza mwili, rangi inaweza kuhama. Sehemu iliyobanwa na sakafu, mfano mabegani na makalioni, hubaki nyeupe.

Sasa tazama: marehemu kakutwa kifudifudi. Ikiwa zambarau imekaa mgongoni, na mabega yana weupe wa kubanwa, basi huyu alilala chali juu ya kitu kigumu saa nyingi kabla ya kufika majini. Hapo ajali ya mlevi imeanguka. Ila hesabu haikubali: saa tatu usiku mpaka kumi na moja na nusu ni saa 8 na nusu tu, na ndani yake afe, alale, asafirishwe. Wakili wa upande wa pili ataichana hiyo. Msogeze aonekane mara ya mwisho saa kumi jioni.

Kalamu_ya_Tanga

Usimsogeze! Hapo hapo ndipo pa kuuma. Saa tatu usiku ni maneno ya mdogo wake. Tumwache aseme hivyo kuanzia sura ya pili, kwa upole, kwa machozi ya kweli. Mlinzi wa ofisi alimwona akitoka saa kumi jioni, lakini hakuna aliyemuuliza mlinzi. Saa tano zinazokosekana ndizo riwaya.

Nahodha_Mstaafu

Maji pia yana saa zake. Bahari ya Tanga hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa kumoja hadi kwingine ni kama saa 12 na dakika 25. Wakati wa bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Na pwani yetu, siku za bamvua maji kwa kawaida hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu.

Kwa hiyo ukiandika "usiku wa giza totoro usio na mwezi" halafu alfajiri wavuvi wanatembea mchangani mbali kuokota kombe, umeshapotea. Giza la mwezi mwandamo ni bamvua, alfajiri maji yako juu. Hili linakufaa: anayebeba mwili saa tisa usiku anakuta maji karibu na ukingo, habebi mzigo mbali. Saa kumi na moja na nusu maji yanaanza kutoka, mwili uko magotini. Angeuleta saa nne usiku, angelazimika kuvuka tope refu na nyayo zingebaki mpaka maji yarudi.

Wakili_wa_Barabara_ya_Kumi

Mamlaka. Zuhura hana. Hawezi kuita shahidi, hawezi kuomba rekodi za simu kwenye kampuni (hizo ni za mpelelezi, kwa taratibu zake), hawezi kuingia chumba cha maiti na kuinua shuka. Anaona tu anachoonyeshwa: simu kama mke ataifungua, faili kama familia itaridhia. Na tafadhali, PF3 ni fomu ya polisi ya majeruhi anayekwenda kutibiwa. Kuna hati moja ambamo maiti inapewa PF3, nikasitisha kusoma.

Njia za halali za kumwingiza ni tatu. Familia imwombe. Kampuni ya bima imwajiri, na hapo ana mwajiri anayenufaika na jibu la kujiua. Au mahakama. Tanzania Bara tuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, inayompa korona kazi ya kuchunguza kifo chenye mashaka hadharani. Mtaalamu anaweza kutoa maoni chini ya Sheria ya Ushahidi, lakini maoni ya mtaalamu hayaifungi mahakama. Onyesho la Zuhura kizimbani akiulizwa "Kwa hiyo hujui?" lina nguvu kuliko kukimbizana kwa magari.

Halafu siri ya mgonjwa haifi na mgonjwa. Daftari la vikao 6 si mali ya mjane wala ya bima. Weka sura nzima ya yeye kulifungua au kutolifungua.

Mwanagenzi_Kisauni

Mkihamishia kisa Mombasa, badilisheni haya. Kenya ilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Makorona mwaka 2017, ila uchunguzi wa umma umeendelea kufanywa na hakimu chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Wanasaikolojia wana sheria yao ya mwaka 2014 ya washauri na wanasaikolojia, kwa hiyo Zuhura anaweza kushtakiwa kwenye bodi na leseni ikawa mashakani. Na kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kilitangazwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Riwaya iliyowekwa mwaka 2019 itakuwa na familia zinazoficha jaribio la zamani kwa hofu ya polisi. Chagueni mwaka kabla ya kuandika.

Binti_Makorora

Mmeongea mahakama na bahari, mmesahau msiba wenyewe. Huyu ni Muislamu wa Tanga. Familia itataka azikwe siku hiyohiyo, ikiwezekana kabla ya Alasiri, na itapinga kupasuliwa. Mara nyingi polisi wataitazama maiti kwa nje, wataikabidhi. Basi nani aliuona mgongo? Waoshaji. Watu watatu au wanne wameugeuza ule mwili upande hadi upande, na hakuna mpelelezi anayekumbuka kuwauliza. Nao wana adabu yao: aliyeosha hatangazi alichokiona. Zuhura ampate mzee mmoja atakayesema tu, kwa kuzunguka, kwamba "mgongo ulikuwa umewiva". Yeye hajui maana yake. Zuhura naye hajui, mpaka amuulize daktari.

Mjane yuko eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hakai faragha na mwanamume asiye maharimu wake. Mpelelezi mwanamume atazungumza naye barazani, wifi na mama mkwe wakisikiliza. Zuhura ni mwanamke, ataingia chumbani. Tazameni na ile miezi miwili hadi sita ya Sikio: inaangukia ndani ya eda, na mara tu baada yake. Mjane akiwa ndani ya eda atasema kitu kimoja, akitoka atasema kingine, maana sasa hayuko chini ya macho ya ukweni.

Na mama mzazi akisema "mkono wa mtu", Zuhura asitabasamu kama msomi. Aulize: "Mtu gani, mama?" Mara nyingi jina linalotajwa ni la mtu mwenye ugomvi wa kweli na marehemu, wa shamba, wa fedha, wa mke.

Kijana_wa_Chumbageni

Binti umemaliza. Ila mimi naona tatizo: kama Zuhura alikuwa mshauri wake, anaruhusiwaje kuchunguza?

Sikio_la_Tatu

Haruhusiwi, kwa maana ya maadili ya kazi. Mshauri yuko upande wa mgonjwa, mchunguzi hatakiwi kuwa na upande. Kofia mbili hazikai kichwa kimoja. Ningemwondoa kabisa kwenye vikao.

Kalamu_ya_Tanga

Na mimi nambakiza, kwa sababu hiyohiyo. Zuhura ana hatari yake binafsi: ikiwa ni kujiua, je, aliiona ikija akanyamaza? Kwenye faili lake kuna dodoso la kupima sonona, PHQ-9, maswali 9, alama 0 hadi 27, na 10 ndiyo mpaka wa kushtuka. Kikao cha kwanza alama 17, cha sita alama 6. Aliandika "nafuu kubwa", akafunga faili. Sasa haamini nafuu yake mwenyewe, maana utulivu wa ghafla unaweza kuwa uponaji na unaweza kuwa mtu aliyekwisha kuamua. Swali la 9, la mawazo ya kufa, lilijibiwa sifuri mara zote. Kila anachokusanya anakipima kwa kiu ya kujisafisha: mauaji yanamsafisha. Kwa hiyo hata akipatia, msomaji ana haki ya kumshuku. Mkimtoa kwenye vikao mnabaki na mpelelezi aliyevaa koti la saikolojia.

Mfano wa namna kiu inavyopotosha uko wazi. Tarehe 19 Aprili 1989 mzinga wa meli ya kivita ya Marekani, USS Iowa, ulilipuka, mabaharia 47 wakafa. Jeshi la majini likamwelekezea kidole baharia mmoja aliyekuwa miongoni mwa waliokufa, likitumia uchambuzi wa FBI uliotegemea zaidi makaratasi na habari ambazo jeshi lenyewe lilikuwa limezikusanya. Bunge lilipoomba wanasaikolojia wengine waupitie, wengi wao waliukosoa. Baadaye wataalamu wa maabara ya Sandia wakaonyesha kwamba baruti iliyosukumwa kwa nguvu kupita kiasi ingeweza kulipuka yenyewe. Oktoba 1991 jeshi likaiomba radhi familia. Kosa lilikuwa mpangilio: hitimisho lilitangulia, tabia ya marehemu ikatafutwa ilingane nalo.

Kwa mwandishi, hatua ni hii. Chora jedwali kabla ya sura ya kwanza. Safu ya kwanza: kilichotokea kweli, saa kwa saa. Ya pili: anachosema kila mtu. Ya tatu: Zuhura anaamini nini mwishoni mwa kila sura. Safu ya tatu ibadilike angalau mara nne, na kila badiliko litokane na kitu kilichokwisha kuonekana kabla yake. Mgongo utajwe kwa kupita sura ya 5, kama adabu ya waoshaji, uache ulale hadi sura ya 19.

Mzee_wa_Kigoda

Mimi sikubali mjane atoke safi. Ila endeleeni.

Wakili_wa_Barabara_ya_Kumi

Jambo dogo. Namna ya kujiua isielezwe kwa hatua, hata kama ni dhana tu ya mhusika, na asipewe sababu moja ya "kwa hiyo akajiua". Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watu wa filamu na jukwaa mwaka 2019 unaosema hayo, na unafaa riwaya vilevile.

Kijana_wa_Chumbageni

Chumba_Baridi, la mwisho: mwili haukupasuliwa, na pombe je? Mdogo wake anasema alilewa. Tutajuaje bila kufukua?

Chumba_Baridi

Si lazima kupasua. Kabla ya kuzika, damu huchotwa kwa sindano kwenye mshipa mkubwa wa paja, na maji ya jicho huchotwa kwa sindano nyembamba. Familia nyingi zinazokataa kisu hukubali sindano, mradi waelezwe. Sampuli ya damu iwekewe sodiamu floraidi, kama asilimia moja, la sivyo bakteria huendelea kutengeneza pombe ndani ya kichupa chenyewe. Kisha zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ukitaka kosa la kuaminika kitabuni, sahau floraidi, na kichupa kisafirishwe kwa basi mchana kutwa bila barafu. Hapo jibu la damu halina thamani, linabaki la jicho, ambalo limejificha mbali na utumbo na huchelewa kuharibika.

Vichupa vikitunzwa vyote viwili ndiyo tamu zaidi. Pombe huingia kwenye damu kwanza, jicho hufuata nyuma. Mtu aliyekunywa taratibu jioni nzima, jicho litakuwa limeifikia damu na kuipita kidogo. Damu ikiwa juu ya jicho, amekufa pombe bado inapanda, yaani alikunywa nyingi muda mfupi kabla ya kufa. Au alinyweshwa. Sasa mdogo wake anasema walikunywa wote kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, kidogokidogo, wakiongea mambo ya urithi. Mpeni Zuhura karatasi ya maabara yenye tarakimu mbili, na mwacheni yeye amwombe yule kijana aurudie ule usiku kuanzia mwisho.